Washairi wa Ayalandi na damu ya barabarani: nani alisema, nani alikwepa? (Uzi mrefu)

Mzee wa Beti (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kuna mdau kule jukwaa la siasa kaandika kwamba mashairi ni mapambo tu, nchi ikiwaka moto mshairi anakaa pembeni kutafuta vina. Kubishana kule ni kuharibu uzi wa watu, nimeamua kuja nao huku.

Tuanze na barabara moja. Januari 5, 1976, jioni, giza limeshaingia. Basi dogo limebeba wafanyakazi wa kiwanda cha nguo wanarudi makwao, kaunti ya Armagh, Ayalandi Kaskazini. Karibu na sehemu inaitwa Kingsmill, mtu anawapungia tochi wasimame. Wanadhani ni doria ya jeshi, jambo la kila siku kule wakati ule. Wanashushwa, wanapangwa mstari ubavuni mwa basi. Mwenye bunduki mmoja anauliza: hapa Mkatoliki ni nani? Yupo mmoja tu, wenzake wote Waprotestanti. Na jana yake Wakatoliki wa familia mbili wa maeneo hayo hayo walikuwa wamepigwa risasi majumbani mwao. Kwa hiyo kila aliyesimama pale alidhani anajua nani anatafutwa.

Mshairi Seamus Heaney alisimulia tukio hili Stockholm, Desemba 1995, kwenye hotuba yake ya kupokea Nobeli. Anasema yule Mkatoliki alipotaka kupiga hatua mbele, Mprotestanti aliyekuwa pembeni yake alimshika mkono gizani akaubinya: usitoke, hatutakusema. Jamaa akatoka hata hivyo. Kumbe waliokuwa wanatafutwa ni wale wengine. Yeye akasukumwa kando, waliobaki kwenye mstari wakamiminiwa risasi. Walikufa kumi.

Sasa mshairi wa pili. Michael Longley wa Belfast, ambaye kwa kuzaliwa ni wa upande wa Waprotestanti, naye aliandika kuhusu barabara hiyo hiyo. Shairi fupi, "The Linen Workers", lilitoka kitabuni 1979. Hataji kundi lililoua. Halaani. Anaangalia vitu vilivyodondoka chini: miwani, pochi, chenji, seti ya meno ya bandia. Halafu anamkumbuka baba yake mzazi, aliyekwisha kufa miaka mingi nyuma, anasema inabidi amzike upya: aisugue miwani amvalishe, ajaze hela mifukoni, na ndani ya kinywa cha maiti ayateleze yale meno. Shairi limekwisha.

Yaani mtu ameuawa kwa sababu ya kanisa alilobatiziwa, na mshairi anachokuonyesha ni meno yake ya bandia kwenye lami. Ukishayaona huwezi tena kusema "wale". Ni baba wa mtu yule.

Hoja yangu ndiyo hii: katika mashairi ya Ayalandi kuhusu umwagaji damu, yaliyodumu ni yale yaliyokataa kuwa spika ya upande wowote. Nawasilisha, nitaendelea jioni.

---

Kijiweni Tu

Nimeweka kambi. Ila mkuu, kabla hujaendelea, tusaidie sisi wa viti vya nyuma: hawa wote si Wakristo? Wanauana kwa kitu gani hasa?

---

Mzee wa Beti

Kijiweni Tu, swali zuri. Dini pale ilikuwa alama ya kumtambua mtu, kama jezi. Ugomvi wenyewe ni ardhi na dola. Karne ya 17 Uingereza ilipeleka walowezi Waprotestanti kaskazini mwa kisiwa, wenyeji Wakatoliki wakanyang'anywa ardhi. Mwaka 1921 kisiwa kikagawanywa: kaunti sita za kaskazini zikabaki chini ya Uingereza, Waprotestanti wakiwa wengi na serikali ikiwa yao. Kura za serikali za mitaa, nyumba, ajira, Mkatoliki alikuwa anabanwa kote. Mwishoni mwa miaka ya 60 wakaanza maandamano ya haki za kiraia, polisi wakawapiga virungu, jeshi likaletwa 1969, IRA (jeshi la siri la waliotaka Ayalandi moja) upande huu, makundi ya Kiprotestanti upande ule. Mpaka mkataba wa Ijumaa Kuu, Aprili 10, 1998, watu kama 3,500 walikuwa wamekufa, katika eneo lenye watu milioni moja na nusu hivi. Kuna mji huko mpaka leo ukiutaja tu umeshajulikana uko upande gani: Wakatoliki wanasema Derry, wengi wa Waprotestanti wanasema Londonderry.

Lakini ushairi wa mambo haya ulianza kabla. Twende 1916.

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 24, wapiganaji wanaiteka Posta Kuu ya Dublin na majengo mengine, wanatangaza jamhuri. Wiki haikwisha, wakasalimu amri. Mwezi wa tano Waingereza wakawapiga risasi viongozi, siku baada ya siku, watu 15. Wa 16, Roger Casement, alinyongwa London Agosti 3. Na sikilizeni: watatu kati ya waliopigwa risasi walikuwa washairi wenyewe. Pearse, MacDonagh na Plunkett. Plunkett alifungishwa ndoa na mchumba wake ndani ya kanisa la gereza la Kilmainham, saa chache kabla ya kupelekwa ukutani.

Mshairi W. B. Yeats aliwajua hawa watu. Shairi lake "Easter, 1916" linaanza na aibu ndogo ya mjini: nilikuwa nakutana nao jioni wakitoka kazini, tunasalimiana maneno ya adabu yasiyo na maana, na kichwani natunga kichekesho cha kuwasema nikifika klabuni. Hapo ndipo ninapompendea. Halafu anawapitia mmoja mmoja, mpaka anafika kwa John MacBride. Huyu bwana alimuoa Maud Gonne, mwanamke ambaye Yeats alimpenda na kumposa mara kadhaa akakataliwa, na ndoa ile ikavunjika kwa tuhuma nzito. Yeats anamwita mlevi na mwenye majivuno, humo humo kwenye shairi la maombolezo. Halafu anasema: hata yeye namweka kwenye wimbo. Naye amebadilika.

Na bado anauliza lile swali ambalo wapigania uhuru hawakutaka kulisikia: je, vifo hivi vilihitajika? Maana huenda Uingereza ingetimiza ahadi yake. Maud Gonne alisoma akamwandikia kwamba hakulipenda. Yeats mwenyewe alilitoa kwa nakala 25 tu za kugawia marafiki, na umma haukulisoma gazetini mpaka Oktoba 1920, vita vya uhuru vikiwa vimepamba moto.

Mshairi mwenye upande mmoja asingeandika lile swali. Ndiyo maana shairi lake lipo, na nyimbo nyingi za kishujaa za mwaka ule wanazikumbuka walevi wa baa.

---

Fundi Rejeta

Roger Casement ndiye yule yule wa Kongo?

---

Mzee wa Beti

Ndiye huyo. Alikuwa konsuli wa Uingereza Kongo, ripoti yake ya 1904 ndiyo iliyomvua nguo Mfalme Leopold wa Ubelgiji kuhusu mpira na mikono iliyokatwa. Wakampa na cheo cha heshima baadaye. Alipogeuka kupigania nchi yake mwenyewe, wakamnyonga. Yeats alikuja kumwandikia akiwa mzee, miaka ya 30, shairi ambalo kila ubeti mzimu wa Casement unagonga mlango. Mabaki yake yalirudishwa Dublin 1965.

---

Binti wa Changamwe

Mzee wa Beti, umepamba vizuri sana, lakini mimi nakataa hoja yako ya kati. Hii habari ya "kukataa upande" ni starehe ya mtu ambaye risasi haijapita dirishani kwake.

Januari 30, 1972, Derry. Watu wameandamana kupinga watu kufungwa bila kesi. Wanajeshi wa parachuti wanafyatua risasi, wanaua 13, na mmoja zaidi anakuja kufa kwa majeraha. Hawa si wanamgambo, ni jeshi la serikali, mchana kweupe, mbele ya waandishi wa habari. Aprili, jaji mkuu wa Uingereza, Widgery, anatoa ripoti inayowasafisha askari na kuwapaka matope marehemu: eti baadhi yao huenda walishika silaha au mabomu.

Sasa niambie, hapo mshairi anainama kuangalia meno?

Mshairi Thomas Kinsella hakuinama. Ndani ya wiki moja hivi baada ya ripoti alitoa "Butcher's Dozen", kijitabu cha bei ya chini, vina viwili viwili kama ngonjera za mtaani. Msimulizi anapita mtaa wa Bogside mahali walipouawa, na marehemu wanainuka mmoja mmoja wakiwa na matundu yao ya risasi, wanazungumza. Wanamjibu jaji. Wanamkejeli. Mmoja anaeleza jinsi maiti yake ilivyokuja "kukutwa" na mabomu ya misumari mifukoni. Wakosoaji wakasema ni propaganda, hakuna sanaa, amejishusha. Likampotezea wasomaji Uingereza. Naye alijua litampotezea.

Halafu subiri. Mwaka 2010, Juni 15, ripoti ya uchunguzi mpya, ya jaji Saville, ikatoka: hakuna hata mmoja kati ya waliopigwa risasi aliyekuwa tishio la kustahili kuuawa. Waziri Mkuu Cameron akasimama bungeni akaomba radhi. Miaka 38! Yale waliyosema marehemu wa Kinsella wiki ile ya kwanza ndiyo serikali ilikuja kukiri. Kwa hiyo nani alikuwa mkweli, mwenye hasira au mwenye busara?

Na sisi Wakenya hili tunalisikia kwa sikio la karibu. Frank Kitson, afisa wa jeshi la Uingereza aliyeendesha vile vikundi bandia wakati wa Mau Mau na kuandika kitabu kuhusu kazi hiyo, ndiye aliyekuwa kamanda wa brigedi ya Belfast kuanzia 1970 hadi 1972. Kikosi kilichofyatua Derry kilikuwa cha brigedi yake, kikaazimwa kwenda huko, ingawa yeye mwenyewe hakuwepo siku ile. Kuwafunga watu bila kesi nako tunakujua.

---

Kijiweni Tu

Mada imenoga sasa. Dada kaja na vielelezo. Mzee wa Beti, jibu hoja.

---

Mzee wa Beti

Dada wa Changamwe, heshima kwako. Hiyo ya Kitson wengi hawaijui.

Kinsella simtupi. Ila nikupeleke kwenye juma lile lile, Derry ile ile, umwone Heaney. Huyu ni Mkatoliki wa kaunti hiyo, kazaliwa 1939 shambani Mossbawn. Hasira alikuwa nayo: aliandika maneno ya wimbo kuhusu mauaji yale, mwimbaji wa Dublin aimbe. Hakuyaweka kitabuni. Yalikuja kuchapwa gazetini Derry 1997, baada ya robo karne. Alichokiweka kitabuni 1979 ni "Casualty".

Ndani yake kuna mvuvi wa mikunga, mteja wa baa ya baba mkwe wake Heaney. Mtu wa maneno machache. Akitaka ramu nyingine anainua kidole gumba tu, muuzaji anaelewa. Siku zile baada ya mauaji, Wakatoliki walitangaziwa wasitoke usiku, kuomboleza. Mvuvi hakukubali kufungiwa nyumbani na watu wake. Akaenda kunywa kwenye baa ya mbali. Bomu likamlipua, usiku wa tatu baada ya wale 13.

Heaney anauliza: alikuwa na kosa gani, kuvunja umoja wa kabila letu? Nitegulie hilo, mvuvi anamjibu, wewe si ndiye msomi. Heaney hategui.

Kinsella aliandika kuhusu 13 walioimbwa na kila mtu. Na huyu mmoja wa juma lile, aliyekufa bila bendera, nani angemwandika?

---

Binti wa Changamwe

Safi. Lakini si nilisema mshairi aandike kimoja tu. Nimesema usiwatoe wenye hasira kwenye orodha ya waliodumu.

---

Mwalimu Chaki

Naomba niingie kwa Heaney huyo huyo, maana naona anapewa sifa bila makato.

Mwaka 1975 alitoa kitabu "North". Huko nyuma alikuwa amesoma kitabu cha mtaalamu wa mambo ya kale wa Denmark, Glob, kuhusu maiti za miaka elfu mbili zilizochimbuliwa kwenye vinamasi. Kule Ulaya ya kaskazini kuna kinamasi cha udongo mweusi ambao watu huukata vipande, huukausha, wakawashia moto. Maji yake hayaozeshi mwili. Unamkuta mtu wa kale na ngozi yake, nywele zake, kamba bado ipo shingoni. Wengine walikuwa wametolewa kafara, wengine wameadhibiwa. Heaney aliangalia zile picha akaona Belfast.

Shairi la "Punishment" linamhusu msichana mmoja wa kinamasini, kichwa kimenyolewa, macho kitambaa, shingoni kitanzi. Mshairi anadhani aliuawa kwa uzinzi. Anamwangalia kiungo kwa kiungo, anamhurumia, karibu anampenda. Halafu anageuza: ningekuwepo, ningekurushia na mimi mawe ya ukimya. Maana nilinyamaza pia dada zako wa leo walipofungwa kwenye nguzo wakapakwa lami, wasichana wa Kikatoliki waliosemekana wana uhusiano na askari wa Kiingereza. Na mstari wa mwisho anakiri kwamba anakielewa kisasi kile, kisasi cha kabila, cha karibu.

Ciaran Carson, mshairi mwenzake wa Belfast, alimchana wazi kwenye mapitio: akasema Heaney amekuwa mshairi mteule wa vurugu, mtengeneza visasili, mtaalamu wa mauaji ya kimila. Maana ukisema "haya yapo tangu zama za kale", umeshamwondolea lawama anayefyatua leo.

Na mimi naongeza la kwangu: msichana mwenyewe hasemi kitu. Yeye ni mwili wa kutazamwa. Mwanamke katika mashairi haya ya wanaume ni maiti, au mama analia, au ndiyo Ayalandi yenyewe imevaa shungi. Mshairi Eavan Boland, mwanamke, alitumia maisha yake kulalamikia jambo hilo. Mei 17, 1974 mabomu yalilipuka Dublin na Monaghan, wakafa zaidi ya watu 30. Boland aliandika "Child of Our Time" kwa ajili ya mtoto aliyekufa siku hiyo. Ni kama wimbo wa kubembeleza mtoto, ila mwimbaji anamwambia mtoto: tulipaswa kukufundisha nyimbo na hadithi, sasa wewe uliyekufa ndiye unatufundisha tujifunze kusema upya. Mama anaongea na mtoto, hakuna malkia wa taifa hapo.

---

Mzee wa Beti

Mwalimu, makato nimeyapokea, ila mpe Heaney haki yake: aliyemshtaki vikali kuliko wote ni yeye mwenyewe. Binamu yake aliuawa 1975 kwenye kizuizi feki cha barabarani akitoka kwenye mechi. Heaney akamwandikia shairi zuri mno, anamwosha uso kwa umande wa asubuhi, anamvika matete ya ziwani. Miaka michache mbele, ndani ya "Station Island" ya 1984, mzimu wa binamu unamtokea na kumwambia usoni: uliupaka chokaa ubaya, kifo changu ukakitia sukari na umande wako. Wangapi wanathubutu kulivunja shairi lao zuri hadharani?

Kuna na lile jingine analosimulia, mtu wa upande wao kamkuta kwenye treni akamuuliza kwa matusi: utatuandikia kitu lini sisi? Akajibu: nikiandika, chochote kile, nitakuwa najiandikia mwenyewe.

---

Binti wa Changamwe

Na jibu hilo lilimfaa sana mtu aliyehama kaskazini 1972 kwenda kuishi Wicklow, upande wa kusini. 😀

---

Mzee wa Beti

Hilo nalo alishajisema, dada. Soma shairi la mwisho kwenye "North", anajiita mtu aliyetorokea porini akaikosa ishara ya mara moja maishani.

---

Fundi Rejeta

Mimi si mtu wa mashairi, ni mtu wa gereji, lakini miaka ile nikisoma Glasgow mwenye nyumba wangu alikuwa mzee wa Belfast. Alinipa shairi la huyo huyo Ciaran Carson mliyemtaja, akaniambia wewe fundi hili utalielewa. "Belfast Confetti".

Confetti ni vile vikaratasi vya rangi wanavyorushiwa maharusi. Confetti ya Belfast ni bolti, nati, misumari, funguo za gari, chuma chakavu cha viwanda vya meli, vinavyorushiwa askari wa kutuliza ghasia. Shairi linaanza askari wakisogea, mara mvua ya alama za mshangao inashuka. Nati, bolti, misumari. Mlipuko wenyewe ni kinyota cha kwenye ramani. Risasi za mfululizo ni vistari. Jamaa anajaribu kumaliza sentensi moja kichwani na haimaliziki, kila kichochoro kimezibwa kwa nukta na koma.

Halafu mitaa. Anaijua yote, kakulia hapo: Balaklava, Raglan, Inkerman, Odessa. Yote ni majina ya Vita vya Krimea, Waingereza walikuwa wanabatiza mitaa ya maskini majina ya vita vyao. Anakimbia ndani ya vita vya zamani ili kuikwepa vita ya leo, na kila njia imefungwa. Mwishoni anaulizwa na askari: jina lako nani, unatoka wapi, unakwenda wapi. Hayo maswali kila aliyewahi kusimamishwa usiku anayajua. Mistari mirefu kama barabara inayokatika ghafla. Mzee wangu alikuwa akifika kwenye majina ya mitaa anasoma taratibu, maana mingine ilishabomolewa.

Hapo sijui Carson yuko upande gani, na sikujali. Nilitaka tu jamaa apate pa kutokea.

---

Mwalimu Chaki

Fundi umetisha. Na unajua Carson lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiayalandi, wazazi waliamua hivyo hapo hapo Belfast. Labda ndiyo maana Kiingereza anakichezea kama mtu anayefungua injini kuona kilichomo.

Kwa kuwa nipo shuleni, mniruhusu nimtaje na Paul Muldoon. Ana shairi "Anseo", la 1980. Darasani mwalimu anaita majina, kila mtoto anaitika kwa Kiayalandi kwamba yupo. Mtoto mmoja, Joseph Mary Plunkett Ward (jina la yule mshairi aliyefunga ndoa gerezani, mnaona?), hayupo mara nyingi. Adhabu yake: atumwe akakate fimbo ya kumchapia yeye mwenyewe. Baada ya muda mtoto anajifunza, analeta fimbo nzuri, kaichonga, kaipiga msasa, kaiweka na herufi zake. Miaka inapita, msimulizi anakutana naye baa. Ward sasa anaishi msituni, ana kikosi cha siri, ni kamanda. Anaeleza kwa fahari jinsi vijana wake wanavyoitikia kila asubuhi akiita majina.

Hakuna bunduki hata moja inayolia humo, ila nimewasomea walimu wenzangu ofisini na hakuna aliyecheka mwishoni.

---

Kijiweni Tu

Mimi nilitumwa kukata fimbo ya mpera nikaleta mpapai. Sikuwa kamanda, nilikula mara mbili tu. 😂

Swali langu la mwisho wakuu: kuna shairi lililozuia hata risasi moja?

---

Mzee wa Beti

Kijiweni, hilo swali lina wenyewe. Yeats akiwa mzee, karibu na kufa, alijiuliza: ule mchezo wangu wa kuigiza wa 1902, ndio uliowatuma wale vijana ambao Waingereza waliwaua? Yaani yeye aliogopa kinyume chake, kwamba maneno yaliua. Muldoon baadaye akamkejeli: kwani Yeats angeitunza risasi yake ya penseli, watu wangebaki kitandani?

Nakupa visa viwili vya Longley, uamue mwenyewe.

Cha kwanza. Belfast, barabara ya Lisburn, 1988, mtu anapigwa risasi ndani ya duka la aiskrimu. Binti mdogo wa Longley alikuwa mteja, ladha zote alikuwa anazighani kwa kichwa. Akanunua maua kwa hela yake akayaweka mlangoni. Longley akaandika shairi fupi, "The Ice-Cream Man": linaanza na ladha za aiskrimu, linaishia kwenye orodha ndefu ya maua ya mwituni aliyoyaona siku moja huko Burren, magharibi. Majina matupu, moja baada ya jingine, hakuna maoni. Baadaye mama wa marehemu alimwandikia barua ya shukrani. Alisaini kama mama wa yule mtu wa aiskrimu.

Cha pili. Mwishoni mwa Agosti 1994 IRA ikatangaza kusitisha mapigano. Siku chache baadaye, Septemba 3, Irish Times likachapa "Ceasefire". Longley alikuwa ameliandika kabla ya tangazo, kwa matumaini tu. Ni mistari 14, kaichukua kwa Homer: Mfalme Priam wa Troya kaenda kwenye hema la Achilles kuomba maiti ya mwanawe. Wanalia wote wawili. Achilles anaagiza maiti ioshwe, ivalishwe. Wanakula pamoja. Mwishoni kabisa Longley anarudisha lililotokea mwanzo: Priam anapiga magoti, anafanya kinachobidi kufanywa, anabusu mkono wa aliyemuua mwanawe. Mwezi uliofuata makundi ya Kiprotestanti nayo yakasitisha. Sisemi shairi ndilo lililofanya hivyo, sijalewa. Lakini kwenye magazeti ya juma lile kulikuwa na kurasa nyingi za wachambuzi, na leo kinachosomwa ni mistari ile 14.

---

Binti wa Changamwe

Nalipenda shairi hilo, lakini angalia anayepiga magoti ni nani. Ni aliyefiwa. Achilles amekaa. Kwenye mikataba mingi ya amani inakuwa hivyo hivyo: aliyepoteza mtoto ndiye anaombwa aanze. Longley alijua, ndiyo maana kaandika "kinachobidi", hakuandika "kilicho chema". Wanasiasa wakishika mashairi haya wanayaosha hayo yote. Ule mstari wa Heaney wa tumaini na historia kupatana kina, kutoka tamthilia yake ya 1990, Clinton kausema Derry, Biden kausema kila alipopata kipaza sauti. Mistari inayoutangulia, ya mjane wa polisi anayezimia chumba cha maiti na baba wa mfungwa aliyegoma kula amesimama makaburini hana la kusema, husikii mtu akiinukuu.

Ndiyo maana nabaki na Kinsella wangu. Huyo sijasikia rais akimnukuu.

---

Mzee wa Beti

Hapo kwenye magoti umenikamata pazuri, nitaisoma upya usiku huu. Kwa Kinsella tutaendelea kutokubaliana.

---

Kijiweni Tu

Mtu akitaka kuanza kusoma, aanzie wapi? Kiingereza changu ni cha kuunga unga.

---

Mwalimu Chaki

Anza na mafupi: "The Ice-Cream Man" na "Ceasefire", kurasa mbili jumla. Kisha "Anseo", ni kama hadithi. "Casualty" ina mistari mifupi mifupi, soma kwa sauti. "Belfast Confetti" muulize Fundi. Yeats mwachie mwisho, na ukifika kwake kuwa na orodha ya waliouawa 1916 mkononi, maana anawataja kama majirani ambao unapaswa kuwajua. Na "Butcher's Dozen" soma siku moja na muhtasari wa ripoti ya Saville, kimoja asubuhi kingine jioni. Dada wa Changamwe atafurahi.

---

Binti wa Changamwe

Nimefurahi tayari. Ila aanze na hicho cha mwisho.